Mama Cheche na bango la mkwewe

Saa moja asubuhi, kabla moshi wa gari la kwanza haujajaa chini ya bati, Mama Cheche anaigeuza plagi ya injini vidoleni kama mtu anayekagua punje ya mchele. Anaipeleka kwenye mwanga wa mlango. Anainusa. Kisha anamwambia mwenye teksi aliyesimama pembeni, mikono mfukoni, "Gari lako linakunywa kuliko mwenyewe."

Mwenye teksi anacheka na kujitetea kwamba yeye siku hizi hanywi. Fundi anamwonyesha ncha ya plagi, nyeusi na kavu kama kitako cha sufuria ya kuni. Petroli inaingia nyingi kuliko hewa, anamweleza. Hapo mtu hauziwi plagi. Hapo husafishwa kwanza chujio la hewa.

Ana miaka hamsini na sita, na katika safu hii ya gereji ndiye mwanamke pekee mwenye sanduku lake mwenyewe la spana. Jina la Mama Cheche hakulipata kwa mtoto, maana binti yake wa pekee ana jina jingine zuri kabisa. Alilipata siku aliyogusa waya ya plagi iliyopasuka, injini ikiwa inanguruma, akarushwa hadi kwenye rundo la matairi.

"Mkono ulicheza bila ngoma," anakumbuka. "Nilipoinuka nikasema, mwenye gari asiondoke, ugonjwa nimeuona."

Ufundi aliuanzia chini kabisa. Mjomba wake alikuwa na gereji, naye, msichana aliyekatishwa shule, alipewa kazi ya kuosha vyuma kwa petroli. Mjomba alikuwa na sheria moja tu. Chuma kikishaoshwa hakiwekwi chini mpaka uliyekiosha useme kinafanya kazi gani ndani ya injini. Ukikosea, unakiosha tena. Mama Cheche anasema vipo vyuma alivyoviosha mpaka vikamwonea huruma.

Baadaye, mtoto akiwa mgongoni, alijiandikisha masomo ya jioni ya umeme wa magari. Alichagua dawati la nyuma, karibu na mlango, ili mtoto akilia atoke bila kuwasumbua wengine. Wenzake kadhaa waliokaa mbele waliacha njiani. Yeye wa nyuma alimaliza. Cheti chake kimetiwa kioo na kutundikwa juu ya chaja ya betri, na kila Jumamosi hufutwa vumbi.

Kazi haijamtajirisha. Siku njema hufungua boneti tano au sita. Siku mbaya, anasema, hukaa akipiga soga na betri. Hata hivyo, kwa boneti hizo alijenga vyumba viwili, akamlea binti peke yake na kumwozesha kwa heshima.

Na ndoa hiyo ndiyo iliyomletea mtihani ambao hakuna mwalimu wa jioni aliyemfundisha kuujibu.

Mume wa binti yake alifungua duka la vipuri, ukuta kwa ukuta na gereji. Mtaa mzima humwita Mkwe, hata wazee ambao hawana binti wa kuoza. Ni kijana mchapakazi, mwenye maneno ya biashara. Bidhaa yake kuu ilikuwa plagi za bei ya juu, zenye ncha nyembamba kama sindano, pamoja na waya nene nyekundu za kuzilisha umeme. Seti moja ilikuwa na bei ya ujira wa wiki nzima wa dereva. Akiba yote ya nyumba iliingia kwenye maboksi hayo, na cherehani ya mke wake ikauzwa ili maboksi yaongezeke.

Juu ya mlango akatundika bango jekundu: PLAGI NA WAYA ZINAZOONGEZA NGUVU.

Wateja wakawa wananunua kwa Mkwe, wanavuka hatua chache, wanamkabidhi mama mkwe azifunge. Kabla hajashika spana, wanamuuliza swali lilelile: mama, ni kweli zinaongeza nguvu?

"Nikisema hapana, nimeivunja nyumba ya mwanangu," anasimulia. "Nikisema ndiyo, nimejivunja mwenyewe. Kwa hiyo nikawa nasema, tutaona. Nilisema tutaona mpaka ulimi ukachoka."

Aliyemtoa kwenye tutaona ni dereva wa gari la mikate.

Dereva huyo alikuwa na shida ya kweli. Gari lake lilikuwa likichoka kwenye mlima wa tangi la maji, mikate ikawa inachelewa madukani, na tajiri wake alikwisha kumtamkia kwamba atampa mwingine usukani. Akajinyima, akanunua seti kamili ya Mkwe. Mama Cheche akamfungia kwa mkono wake. Kesho yake gari likafika kwenye tangi na kuomba gia ya pili kama kawaida.

Alirudi akasimama mbele ya duka na kusema kwa sauti ya kusikika safu nzima, "Mmenifungia plagi za kifamilia. Mkwe anauza, mama anakaza."

Watu wakajaa. Mkwe, badala ya kunyamaza, akajibu kwamba nguvu zipo, mguu wa dereva ndio hauna. Waliokuwa karibu wakaguna. Kisha macho yote yakageuka kumtazama fundi.

Mama Cheche anasema alilijua jibu tangu zamani. Lakini mkwe hasutwi barabarani, na binti yake alikuwa amesimama mlangoni mwa duka, ameshika miimo ya mlango kwa mikono miwili. Akafuta mikono yake taratibu, akachukua sanduku. Alichosema ni kifupi: "Twende mlimani. Sote watatu."

Safari hiyo bado inasimuliwa gerejini kwa vicheko. Kiti cha mbele cha gari la mikate ni kimoja kirefu. Dereva alishika usukani, fundi akakaa mlangoni, na Mkwe akabaki katikati, amejikunja kama mwavuli asije akamgusa mama mkwe wake. Kila kona akawa anamwegemea dereva. Dereva akamwambia aamue moja, amtukane au amkumbatie.

Walipanda na plagi mpya. Kwenye tangi la maji, gari likaomba gia ya pili.

Juu ya mlima fundi akafungua boneti, akatoa plagi na waya za Mkwe, akarudisha zile za zamani za dereva. Alikuwa nazo kwenye kopo. Yeye hatupi plagi ya mtu bila ruhusa ya mwenyewe. Alikwisha kuzisafisha na kupima pengo la ncha zake kwa kipande chembamba cha chuma. Wakashuka, wakapanda tena. Palepale kwenye tangi, gia ya pili.

Dereva, aliyekuwa na hakika kwamba ameuziwa plagi feki, akaona hata zake zimekwama palepale.

Ndipo Mama Cheche akaomba gari lisimame, akateremka na kulizunguka, akigusa kila gurudumu kwa mgongo wa kiganja. Mbele, sawa. Nyuma kulia, sawa. Nyuma kushoto akaurudisha mkono kama aliyegusa pasi.

"Mwanangu," akamwambia dereva, "gari lako si dhaifu. Linatembea huku limeshikwa mguu."

Breki ya gurudumu lile ilikuwa haiachii. Walirudi gerejini, akalifungua, akakuta springi imekatika, akaibadilisha. Wakapanda tena na plagi zilezile kuukuu. Gari lilipita kwenye tangi la maji kwa gia ya tatu bila kuomba chochote, na dereva akapiga honi mpaka kileleni.

Kwa wengi mambo yangeishia hapo. Fundi ndiye aliyekataa. Akasema bado plagi za Mkwe hazijatendewa haki: zilipimwa kwenye gari lililoshikwa breki, sasa zipimwe kwenye gari zima. Akazifunga upya, na waya zake nyekundu. Wakapanda mara ya mwisho.

Gia ya tatu tena. Mlio uleule, mwendo uleule. Hazikupunguza kitu wala hazikuongeza.

Wakishuka, walipokaribia gereji, Mkwe aliuliza kwa sauti ya chini, akitazama magoti yake, "Kwa hiyo mama, nimekuwa nauza uongo?"

"Vitu vyako si vya uongo, baba," akamjibu. "Neno ndilo la uongo."

Akamweleza kama mjomba alivyomweleza yeye. Injini ina nguvu yake iliyozaliwa nayo. Plagi iliyolika na waya iliyopasuka huiiba nguvu hiyo kidogo kidogo, na mpya huirudisha. Injini isiyoibiwa haina cha kurudishiwa. Injini zilizobadilishwa kwa ajili ya mashindano zina mahitaji yake, lakini hizo haziji kwenye gereji ya bati. Plagi za ncha nyembamba zina sifa yake ya kweli, ambayo bango halikuitaja: hudumu muda mrefu kuliko za kawaida kabla ya kulika.

"Mwizi akikurudishia mbuzi wako," akamalizia, "hujaongezewa mbuzi."

Mkwe aliichukua seti ile kwa dereva na kumrudishia fedha zake bila kuombwa. Dereva bado ana usukani wake, na mikate inafika.

Jioni ile Mama Cheche alimwita binti yake, akamtuma: mwambie mwenzio lile bango linanikwaza macho. Binti akacheka, akamwambia, "Mama, mwambie mwenyewe. Si mmepanda mlima pamoja?" Lakini haikuhitajika. Mkwe alikuwa amekwisha kwenda kumtafuta mchora mabango.

Mauzo yalishuka mwanzoni, wala familia haifichi. Kisha wakaanza kuja wagonjwa halisi. Kuna teksi moja iliyokuwa ikikatakata kila mvua iliponyesha. Mama Cheche alifunga milango ya gereji mchana kweupe, akainyunyizia maji injini ikiwa inawaka, na katika giza lile watu wakaona cheche za buluu zikitambaa juu ya waya kama sisimizi. Waya nyekundu za Mkwe zilipofungwa, injini ikatulia. Mwenye teksi aliwaambia wenzake, na wenzake wakaja. Duka halijatajirika, lakini kodi ya pango inalipwa, na cherehani nyingine imerudi nyumbani.

Sasa fundi ana mpango. Anataka meza iwekwe kati ya milango miwili, ya gereji na ya duka, na juu yake ubao wenye plagi zilizotumika: nyeusi, nyeupe ya kuungua, yenye oili, na moja ya rangi ya biskuti, ambayo ndiyo ya afya. Asinunue mtu kabla plagi yake haijasomwa hapo, bure. Msomaji atakuwa binti yake, ambaye sasa naye ana mtoto mdogo. Tayari anasoma tatu kati ya nne bila kukosea, na ya nne, mama yake anasema, ataiosha mpaka aijue. Masomo ya jioni yakifunguliwa, ataandikishwa.

"Nimemwambia akae dawati la mbele," anasema. "Mtoto wake nitabaki naye mimi."

Bango nalo limebadilika neno moja. Linasomeka PLAGI NA WAYA ZINAZORUDISHA NGUVU. Mchora mabango alilalamika kwamba neno jipya limezidi la zamani kwa herufi moja na nafasi haitoshi, kwa hiyo A ya mwisho ya neno hilo, kwenye mstari wake, imetoka nje ya ubao na kuchorwa ukutani. Mkwe alitaka kununua ubao mrefu zaidi. Mama mkwe wake akamkataza: atakayeuliza ndiye atakayeelezwa.

Mwenye teksi wa asubuhi, chujio lake likiwa linakauka juani, anainua macho na kulisoma. Anauliza mbona ile A imetoroka.

Mama Cheche hageuki. Anaiweka plagi juu ya sanduku lake na kumwita binti yake aliye dukani, "Mwanangu, njoo. Kuna mtu ameuliza."