Shangazi Anafundisha Historia

Swali lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa hili: kama watoto wawili wa kaka yangu wanasinzia nikiwafundisha historia, darasa zima la kidato cha pili litanifanya nini?

Mkuu wa shule moja ya sekondari huko Mwaya alikuwa amenipigia simu. Mwalimu wake wa historia amehama, shule zinafunguliwa Jumatatu, je, naweza kushika nafasi hiyo kwa muda? Alitaka jibu kabla ya Jumamosi jioni. Mtu mwingine mwenye digrii ya historia na asiye na kazi angejibu kabla simu haijakatwa. Mimi nilimwambia nitatafakari kwanza, kisha nikaanza kuogopa. Nitasema jambo la uongo mbele ya wanafunzi. Mmoja atajua. Atawaambia wengine. Nitakuwa kichekesho kuanzia Mwaya hadi Ipyana, ambako tunaishi.

Nikaamua kujipima nyumbani. Watoto wa kaka walikuwa likizo: msichana wa miaka kumi na moja na mdogo wake wa miaka saba. Niliandaa ratiba kwenye daftari, kwa kalamu za rangi tatu. Kitabu, filamu, safari.

Jumatano ilikuwa siku ya kitabu. Niliwasomea sura ya biashara ya zamani, nikisimama kila aya kueleza kwamba wataalamu hawakubaliani. Yule mdogo akanyoosha mkono.

"Shangazi, hao wafanyabiashara walikuwa wanakula nini njiani?"

"Kitabu hakisemi."

"Walikuwa na watoto?"

"Hakisemi."

Akanitazama kwa huruma, akainuka, akaenda kugeuza kakao iliyoanikwa uani. Kwa kawaida, kazi hiyo mpaka aitwe mara tatu na kutishiwa fimbo ndipo aifanye. Siku hiyo alikimbia.

Alhamisi tukatazama filamu kwenye kompyuta yangu, machifu wakipigana na askari wa kigeni. Niliisimamisha ili kusema kwamba mavazi yale si sahihi. Nikaisimamisha tena kwa sababu ya bunduki. Mara ya tano, msichana akasimama.

"Shangazi, ukiisimamisha tena naenda kuosha vyombo."

Mama yangu, aliyekuwa anachambua mboga mlangoni, akadakia, "Mwache aisimamishe. Vyombo ni vingi."

Ijumaa sikufundisha. Niliandika kurasa nne za maelezo ya safari, nikafuta mbili, nikaziandika upya.

Jumamosi kaka akatupakia kwenye gari lake mpaka Lyulilo, sokoni kando ya ziwa, ambako akina mama wa Kikisi, wafinyanzi, huleta vyungu kwa mitumbwi. Mama alikuja na ndoo ya mchele. Nilidhani ni zawadi ya ndugu fulani; sisi hatuendi popote mikono mitupu.

Vyungu vilikuwa vimepangwa mchangani, vikubwa kwa vidogo. Nikawasimamisha watoto mbele ya vyungu hivyo, nikafungua karatasi zangu, nikatoa sauti ya darasani.

"Zamani, hapa watu hawakununua chungu kwa fedha. Mnunuzi alikijaza chungu nafaka. Nafaka ikabaki kwa mfinyanzi, chungu kikaenda na mnunuzi. Biashara hiyo ilikufa."

"Ilikufa lini?" ikauliza sauti nyuma ya vyungu. Mama mmoja wa Kikisi alikuwa ameketi pale, miguu imenyooshwa. "Mbona hatukuitwa msibani?"

Watoto wakageuka. Nikageuka nami. Mama yangu alikuwa ameshachuchumaa, anamimina mchele kwenye chungu chenye tumbo kubwa.

"Mama, ulijua?"

"Ulikuwa unafundisha vizuri, mwanangu. Sikutaka kukukatiza."

Mfinyanzi akakishika chungu, akakitikisa. Mchele ukashuka vidole viwili.

"Usitikise!" mama akafoka.

"Nisipotikisa nitakuwa nimeuziwa hewa."

"Chungu chenyewe umekipa tumbo kama la diwani, halafu unatikisa!"

"Hilo tumbo ndilo linaloivisha maharage yako. Jaza, dada, jaza."

Yule mdogo akalala kifudifudi ili aone mchele umefika wapi. Dada yake akaanza kuuliza maswali mfululizo. Nani anaamua kama mchele uishie usawa wa mdomo au ufanye kilele? Kwa nini mtu asichague chungu chembamba? Na mtu akija na fedha?

"Mgeni simjui, huyo namdai fedha," mfinyanzi akamjibu. "Bibi yako namjua, na mchele wa Ipyana naujua. Tunaishia usawa wa mdomo, ila lazima nitikise. Mama yangu alitikisa, na mama yake alitikisa."

"Na bibi zetu walikuwa wanafoka?"

"Wakali kuliko huyu!"

Mama akamalizia kujaza huku ananung'unika. Mfinyanzi akaumwaga mchele kwenye kapu lake, akampa chungu, akasema, "Ndaga." Mama naye akashukuru, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda.

Kisha yule mfinyanzi akanigeukia. "Wewe mwalimu wa wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, msichana akajibu. "Bado. Ameitwa Mwaya lakini anaogopa kukosea mbele ya watu."

"Si amekosea sasa hivi?"

"Ndiyo," akasema mtoto. "Na leo ndiyo siku nzuri kuliko zote."

Nilitaka mchanga unimeze. Nikangoja. Haukunimeza. Mfinyanzi alikuwa ameanza kumhudumia mtu mwingine, kaka alikuwa anapatana bei ya samaki, na watoto walikuwa wanabishana kama chungu kile kingejazwa kwa kakao ingekuwaje. Aliyekuwa bado anafikiria kosa langu ni mimi peke yangu.

Nikasogea kando ya ziwa palipo na mtandao, nikampigia mkuu wa shule.

"Nitakuja Jumatatu," nikasema, haraka, kabla sijapata sentensi nyingine.

Jumatatu nilisimama mbele ya kidato cha pili. Nikaweka maelezo yangu mezani, nikauliza nani kwao kuna chungu cha Kikisi, na walikipataje. Mikono ikapanda. Nikamchagua msichana wa dawati la nyuma, nikavuta kiti, nikamsikiliza.