Pango Nyuma ya Maji

Harufu ya jiwe lililolowa mvua hunirudisha kwenye vilima vya Nyakisasa. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara. Siku moja akaja bwana mpima, akasema kule tulikohama hakuna kitu cha kuweka kwenye ramani.

"Twende ukaone kwanza," mama akamwambia.

Tulitembea asubuhi nzima kwenye nyasi zilizonizidi urefu. Maporomoko tuliyasikia kabla ya kuyaona. Mama alinishika mkono, tukapenya nyuma ya maji, na yule bwana akatufuata huku amekumbatia karatasi zake. Ndani palikuwa na pango kubwa la baridi, na ngurumo ya maji ilinitetemesha kifua.

"Mimi nilizaliwa humu," mama alisema.

Bwana mpima akavua kofia. "Panaitwaje?"

Mama akataja jina kwa Kihangaza, na yeye akaliandika. Kisha mama akaomba karatasi. Mwaka ule ndio alikuwa amejifunza kusoma, katika kisomo cha watu wazima. Alisoma herufi moja moja kwa kidole kilicholowa.

"Hapa weka r," alisema. "Umeandika l."

Yule bwana akafuta, akaandika upya.