Telesia na Nywele za Wapambe

Watu wetu wa visiwani waliohamia Oamaru, huku kusini mwa dunia ambako Januari ni joto na Julai ni baridi, wanaoana mwezi wa Julai, na usiwaulize kwa nini wachague baridi kali namna ile wakati Mungu alishaumba Januari. Januari kiwanda cha nyama kinachinja mchana kutwa na usiku kucha, nani atapata nafasi ya kuoa? Julai kiwanda kimefungwa, wanaume wamejaa nyumbani wanakanyagana mbele ya hita, na nguruwe wa kuchomwa ardhini wamenona. Basi harusi zote huangukia hapo. Na upepo wa kusini nao haungoji kualikwa. Unapanda kutoka baharini na mvua yake ya barafu, unakaa nje ya kanisa, unawangoja wapambe watoke.

Ndiyo maana jina la Telesia Moala likawa kubwa. Msimu wa kazi yeye ni mtu wa meza ya kukatia nyama, koti jeupe, buti, kisu kiunoni. Kiwanda kikifungwa anaweka kisu, anashika sindano. Sindano, nimesema. Telesia hategemei vibanio na dawa ya kupulizia kama hawa wa saluni za mjini, yeye anashona. Kwanza anasuka mistari myembamba inayolala kichwani kabisa. Nywele zilizobaki anazipaka mafuta ya nazi kwenye ncha tu, anazisokota fundo, halafu lile fundo analishona kwenye ile mistari kwa uzi mweusi, sindano inaingia huku inatokea kule, na ukitazama huoni hata mshono mmoja. Kuosha nywele siku moja kabla ni marufuku. "Nywele zilizooshwa jana zina kiburi," husema, "hazitaki kushikwa." Aliyeosha hutukanwa kwanza, kisha ndipo anahudumiwa.

Na mafundo yake, jamani! Kuna mpambe mmoja alirudi nyuma bandarini wakati wa kupigwa picha, akatumbukia majini mzima mzima. Wakamvuta, gauni limekwisha, kiatu kimoja kimekwenda na mawimbi, meno yanagongana. Fundo lipo. Haki ya Mungu, fundo lipo, limelowa tu. Alicheza nalo ngoma jioni yake, amevaa suruali ya kaka yake.

Sasa, baridi ile ninayoisimulia ilikuwa zamu ya Kalolaine, binti mkubwa wa marehemu Semisi, kaka yake Telesia. Wapambe walikuwa watano, na wanne hawakumpa Telesia shida yoyote. Aliyemkosesha raha ni wa tano, Sulieti, mdogo wake bibi harusi.

Kwetu shangazi ni mtu mkubwa. Ni mkubwa kuliko baba mwenyewe. Akiingia nyumbani kwa kaka yake akasema mkeka ule naupenda, mkeka unakunjwa, unabebwa mpaka kwenye gari lake, na kila mtu anatabasamu. Na baba akifa, ni shangazi anayekata nywele za binti zake, ziende na marehemu. Semisi alifariki baridi iliyotangulia. Telesia alimkata Kalolaine kama inavyotakiwa, shibiri moja kutoka mwisho, akafungia kile kipande kwenye kitambaa. Akaja Sulieti.

Nywele za Sulieti zilikuwa zinafika chini ya kiuno, nzito, nyeusi, na Telesia ndiye aliyezilea. Tangu mtoto ana miaka minne, kila Jumamosi alikuwa anakuja kwa shangazi yake kusukwa. Anakaa kwenye mkeka katikati ya magoti ya shangazi, anakula mkate wa siagi, anasimulia habari za shule mpaka usingizi unamchukua na kichwa kinaegemea paja. Telesia hakujaliwa mtoto. Jumamosi ndiyo ilikuwa mtoto wake.

Siku ile ya msiba alishika mkasi, akainua macho bila kukusudia, akauona uso wa kaka yake kwenye jeneza. Mikono ikaanza kutetemeka. Mikono ile inayosifiwa mji mzima! Hakujua mkasi umepita wapi. Aliposhtuka, nywele zote zilikuwa zimemwangukia miguuni na masikio ya mtoto yako wazi. Wanawake walivuta pumzi. Nani amwambie shangazi kitu? Sulieti akainama akasema, "Asante, shangazi."

Jumamosi zikaisha tangu siku hiyo.

Si kwamba mtoto alikosa adabu. Kanisani alisalimu. Akitumwa na sahani ya chakula alileta, akaketi chini, akajibu "ndiyo, shangazi," "hapana, shangazi," akaondoka. Neno moja tu la Telesia lingetosha kumleta kila Jumamosi mpaka azeeke. Lakini hiyo ingekuwa amri, na Telesia hakutaka mtoto wa amri. Alitaka aje mwenyewe, aje kama zamani. Na kuomba radhi je? Shangazi amwombe radhi mtoto wa kaka yake! Kwetu jambo hilo halina hata mahali pa kuanzia. Mkubwa hakosei kwa mdogo, na mdogo hana ruhusa ya kuwa amekosewa. Basi wakakaa hivyo mwaka mzima, wote wawili na heshima zao, na Telesia akawa anakonda.

Asubuhi ya harusi, jikoni kwa Lupe, mama wa bibi harusi, hita zilikuwa zinawaka zote na madirisha yametoa jasho. Telesia alikuwa ameshaanza kabla jua halijatoka, na anayempa sindano ni Fusi, rafiki yake wa kiwandani, mwanamke mwenye mdomo usiofungwa.

"Aii, shangazi! Umenivuta mpaka siwezi kufumba macho!" mpambe wa kwanza akalalamika.

"Nani amekutuma ufumbe?" Fusi akadakia. "Utafumba Jumatatu."

"Na wewe kichwa chako kikubwa hivi," akamwambia wa pili, "uzi utatumalizikia."

"Kikubwa kina akili, mama Fusi."

"Akili! Nani aliambiwa asioshe nywele jana akaosha?"

Wakacheka, na Telesia akacheka, lakini macho yake yalikuwa yanakwenda mlangoni. Sulieti aliingia wa mwisho. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, nywele zimekua mpaka kwenye taya, si fupi si ndefu, za kukera. Akaketi kwenye kiti mbele ya shangazi yake, akanyoosha shingo, akangoja.

Telesia hakuchukua uzi. Alifungua mfuko wake, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe, akakiweka mezani taratibu. Zilikuwa nywele za Sulieti, zile zile, ambazo siku ya msiba alishindwa kuzitia jenezani akabaki nazo. Alikuwa ameziosha, amezichana, amezipaka mafuta, na kwa majuma kadhaa amezisuka na kuzisokota ziwe fundo, fundo zuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Liling'aa pale mezani. Wanawake wakasahau chai zao.

"Mungu wangu," Fusi akanong'ona, na Fusi si mtu wa kunong'ona.

"Nitalishona," Telesia alisema. "Utafanana na wenzako. Hakuna atakayejua."

Sulieti alilitazama fundo lile, hakuligusa. Kisha akasema, "Hapana, shangazi."

Lupe aliruka kutoka kwenye sinki, mikono imejaa povu.

"We Suli! Unajua unazungumza na nani? Wifi, nisamehe, mtoto hajalala, mtoto ana wazimu wa harusi..."

"Mwache," alisema Telesia.

Mtoto alishika kiti kwa mikono miwili. Alisema akiwa ameangalia chini, kwa adabu zote, lakini alisema. "Hizo si zangu tena. Ni za baba. Siku ile nilimpa zote, na nilifurahi kwamba ni zote, sikutaka kumpa kipande. Nikizivaa leo nicheze nazo, nitakuwa nimemnyang'anya."

Mwaka mzima Telesia alikuwa akidhani mtoto analilia nywele. Kumbe yeye mtu mzima, shangazi mwenye kukalishwa mbele ya watu wote, alikuwa amekwenda kuchukua zawadi ya marehemu ili atulize roho yake mwenyewe, na mtoto huyu amemzuia asiendelee. Alilitazama lile fundo na kuliogopa. Akalifunga tena kwenye kitambaa, akampa Lupe kwa mikono miwili.

"Weka na vitu vya kaka," alisema. "Fusi, lete bakuli la uji."

Si uji wa kunywa. Ni uji mwembamba wa mbegu za kitani aliopika asubuhi kwa ajili ya kulaza vinyweleo vya wengine. Sasa aliumimina karibu wote kwenye kichwa kile kimoja. Akachana nywele zikalala, halafu kwa vidole na chanuo akaanza kuzisukuma mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka mawimbi yakatokea kuanzia kwenye paji, yakapita juu ya sikio, yakaishia kisogoni. Kila penye bonde alipitisha sindano, mshono mmoja mdogo, akaufunga kwenye msuko mwembamba uliofichwa chini. Hakuna aliyewahi kumwona akifanya vile. Yeye mwenyewe hakuwahi kujiona akifanya vile. Mtoto alifungwa kitambaa kichwani, akakaushwa mbele ya hita, kitambaa kikaondolewa, akageuka.

Kikombe kilimtoka Lupe mkononi, kikavunjika.

Lile paji! Yale masikio yaliyobana kichwani, ile taya! Nywele ndefu zilikuwa zimeuficha uso ule wa baba yake miaka yote, na baada ya msiba zilining'inia tu, hakuna aliyeutazama vizuri. Sasa Semisi alikuwa amesimama jikoni kwake asubuhi ya harusi ya binti yake, amevaa gauni la kijani. Kalolaine alitoka chumbani na shela mkononi, akaona, akakaa chini sakafuni na gauni lake jeupe, akalia kwa furaha mpaka ikabidi apakwe poda upya.

Upepo wa kusini ulifanya kazi yake, usidhani uliacha. Walipotoka kanisani uliichukua kofia ya mke wa mchungaji, ukageuza miavuli, ukainua shela ya bibi harusi ikajifunga kwenye nguzo. Mvua ya barafu ikapiga ubavuni. Wapambe watano wakasimama ngazini wakipigwa picha, meno nje, mabega wazi, wagumu kweli watoto wale, na vichwa vitano havikusogea. Chembe za barafu zilikaa kwenye mawimbi ya Sulieti moja moja na hakuna unywele uliotikisika. Wazee walipita mmoja mmoja kumtazama, wengine wakavua kofia, kwa baridi ile. Telesia alikuwa amekalishwa mahali pake pa heshima, mikeka mizuri imewekwa mbele yake, na hakuitazama. Alichotaka kilikuwa bado hakijaja. Mtoto alikuwa amesema hapana, na hapana ile ilikuwa ya haki, lakini hajasema atakuja.

Jumapili baada ya ibada wapambe walikwenda kwa Telesia kufumuliwa. Walikuja wanne, wakapiga kelele, wakala mabaki ya keki, wakaondoka wanajikuna vichwa. Telesia alifagia uzi sakafuni. Fundo lake mwenyewe lilikuwa limemlegea tangu jana kwa upepo, maana mshonaji hana wa kumshonea, nywele zimemshuka mgongoni nyeupe na nyeusi. Mlango ukagongwa.

Sulieti alivua viatu, akaketi kwenye mkeka. Mawimbi yalikuwa yako vile vile.

"Umekuja kufumuliwa," Telesia alisema, akachukua mkasi. Aliutazama mkasi, akakitazama kile kichwa, akaurudisha mezani.

"Si lazima leo, shangazi. Yanaweza kukaa mpaka Jumatano."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

Mtoto akauvuta uzi mmoja wa mkeka. Telesia akajikaza, maana alijua asipouliza sasa atakufa nalo. "Na mwaka mzima mbona hukuja?"

"Ningekuja na nini?" Sulieti alisema, na machozi yakamwanguka palepale. "Jumamosi tulikuwa tunasuka. Mimi sina cha kusukwa. Ningeingia hapa niseme nimefuata nini? Nilikuwa nangoja ziote, shangazi. Zinachelewa mno."

Telesia alikuwa na neno moja tu la kusema, nisamehe, na lile neno shangazi hana ruhusa nalo. Basi akainuka kwenye kiti chake, akakisukuma nyuma ya mtoto. Kisha yeye, dada wa Semisi, akapiga magoti, akakaa chini kwenye mkeka, akampa mtoto mgongo.

"Panda kitini," alisema. "Chukua chanuo. Nisuke."

"Shangazi!" Sulieti alirudi nyuma kama aliyeguswa na moto. Kwetu mtoto hagusi kichwa cha shangazi yake, hata unyoya ukimkalia. "Kichwa chako?"

"Ndicho nilicho nacho. Una mikono, huna? Basi umekuja na kitu."

Upepo ulikuwa unapiga bati la kibanda cha kuni. Halafu vidole viwili vya baridi vikamgusa Telesia kisogoni, vikaondoka, vikarudi, na kisha mikono yote miwili ikaingia kwenye nywele zake, na mwanamke yule aliyekata nyama miaka ishirini bila kusema ah akaanza kulia, mabega yanaruka, kichwa kinakwenda huku na huku.

"Tulia, shangazi," alisema mtoto. "Mstari unapinda."

Shangazi akatulia.