Vidole vya Kuchuma Chai

Mimi ni mwalimu wa Gredi ya Nne huku Nyamira, si mbali na Ekerenyo, na hasira zangu ziko karibu. Nasema mapema usije ukanionea huruma.

Vitabuni wanaviita vishikwambi. Sisi darasani tunasema tableti. Zililetwa nyingi, zikaharibika moja moja, na zilizobaki hazitoshi. Kwa hivyo watoto hukaa wawili wawili: mmoja anashika, mwenzake anatazama. Wa kushika namchagua mimi.

Muhula huu nina msichana mmoja anayeishi na nyanya yake, karibu na kituo cha kununulia chai. Huchuma chai na nyanya kabla ya kuja shule, na Jumapili mchana kutwa. Alitamani kushika tableti mpaka unamwona akimeza mate. Siku yake ilipofika nikampa. Akagusa alama ya kalamu, ile ya kufungulia ukurasa wa kuchora. Kimya. Akagusa tena. Kimya.

"Bonyeza!" nikasema.

Akabonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe. Mwenzake alipogusa mara moja tu, ukurasa ukafunguka.

Si ningeuliza kuna nini? Sikuuliza. Wiki iliyofuata ikawa yale yale, nami nikachoka, nikasema darasa zima likisikia, "Wewe, vidole vyako vimekufa ganzi, ama ni kichwa?" Walicheka hao! Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Nikampa mwenzake tableti, na tangu siku hiyo msichana yule akawa wa kutazama tu. Alikuwa akificha mikono kwapani, anatazama, wala halalamiki.

Sabato iliyopita, tulipotoka kanisani, nilipitia kwa mama. Tulikuwa tunakula ndizi za kupika simu yake ilipolia: ndugu yangu yuko Nairobi na anataka tuonane kwa video. Mama akapitisha kidole kwenye kioo. Simu ikazidi kulia. Akapitisha tena, kisha akaikandamiza kama mtu anayeua kunguni.

"Nyasae!" akamwita Mungu. "Hii simu imenikataa tena. Ni hivi vidole vya chai."

Akalamba kidole, akagusa, na uso wa ndugu yangu ukatokea. Wakaanza kuulizana habari za ng'ombe. Mimi nikaushika mkono wa mama uliokuwa mezani, nikapapasa ncha za vidole. Zilikuwa kavu, ngumu, na weusi wa majani ya chai umeingia ndani kabisa. Vidole hivyo ndivyo vilivyonisomesha mpaka nikawa mwalimu. Nyani haoni kundule, kweli. Mimi niliyelelewa na chai ndiye niliyemfanya mtoto wa chai achekwe. Nikasukuma sahani.

Jumatatu nilifika shuleni mapema. Nikalowesha kitambaa safi, nikakiweka mezani kando ya tableti. Nilishajipangia: nitamfuta yule msichana vidole vilowe kidogo, ajaribu, halafu nimwombe msamaha mbele ya wote, jinsi nilivyomwaibisha mbele ya wote. Nikamwita kabla ya paredi.

"Lete mkono, mama," nikamwambia kwa upole.

Akaurudisha nyuma. Nikadhani ananiogopa, na haki yake kuniogopa. Nikamwambia sitamgombeza. Ndipo akautoa polepole.

Ncha za vidole vyake zilikuwa zimechubuka, nyekundu, mbichi kabisa.

"Yaye! Nani amekufanya hivi?"

"Ni mimi, mwalimu. Nimesugua na lile jiwe nyanya anasugulia miguu. Nimetoa ngozi yote iliyokufa."

Nikaacha kitambaa pale mezani, nikanyoosha mkono nimshike. Naye, kabla sijamzuia, akainama juu ya meza, akagusa ile alama ya kalamu. Uso ukamkunjamana kwa maumivu. Ukurasa ukafunguka papo hapo, mweupe. Akachora mstari, akachora mwingine, kisha akainua macho akanitazama, anacheka na machozi yanamlengalenga.

"Imenisikia, mwalimu," akasema. "Leo nishike mimi?"