Bi Rimu na Geti la Shule

Zamani hizo kengele ya shule ilikuwa rimu la lori lililoning'inizwa kwenye boriti, na mpigaji alikuwa mlinzi wa geti, mama mnene mwenye mdomo ambaye watoto walimwita Bi Rimu. Kengele ikilia, geti linafungwa. Aliyechelewa haingii tena siku hiyo. Lakini Bi Rimu alikuwa na vituko vyake. Kabla ya kupiga, alichungulia barabarani. Akiona mtoto anakuja mbio, viatu mkononi, yeye huanza kukohoa, akajikuna mgongo, akatafuta chuma cha kupigia na huku amekishika. Mtoto akishapita, ndipo rimu linalia. Saa za mtaa mzima zilichelewa, maana watu walizirekebisha kwa kufuata mkono wake.

"Ukimfungia nje, unadhani anarudi kwao?" alimwambia mwalimu mkuu. "Anaishia sokoni, na kesho anaona aibu kuja."

Raha iliyoje, miaka ile! Kisha ikaja kengele ya umeme, isiyojua kukohoa wala kujikuna. Bi Rimu akastaafu, akaagwa kwa makofi, akapewa rimu lake. Alilitundika uani, likawa la kuanikia matambara. Kila asubuhi ile ya umeme ilipolia, mkono wake wa kulia ulicheza wenyewe, na roho ikamuuma.

Faraja yake ilikuwa mjukuu wake wa kike, aliyeishi naye wawili tu. Kila alfajiri binti alichemsha maji, akamkanda bibi magoti, akampikia uji, ndipo akavaa sare na kuondoka. Bibi alimsifia kwa kila aliyepita.

Siku moja mama jirani, fundi cherehani, aliingia uani kwa kunyata.

"Bibi, usinikasirikie. Mjukuu wako yuko kwangu, anashona vifungo. Na si leo tu. Akifika shule anakuta geti limefungwa, basi anajificha kwangu mpaka wenzake watoke."

"Anachelewa na nini? Shule si hiyo hapo!"

Fundi aliyatazama magoti ya Bi Rimu.

Bi Rimu alinyong'onyea. Watoto wa watu aliwasubiri miaka yote, wa kwake amemfungia nje mwenyewe! Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

"Mama yangu alipougua," fundi akasema, "ulikohoa mwaka mzima kwa ajili yangu. Asubuhi nitakuwa nakuja kukukanda mimi."

Jioni binti aliporudi na shikamoo yake, bibi aliitikia tu, hakumuuliza kitu.

Kesho yake, maji yakiwa bado jikoni, Bi Rimu alijikokota hadi uani, akiyatukana magoti yake, akayatupa matambara na kulipiga rimu kwa nguvu zote. Mtaa ulishtuka. Muuza mikate, mtu mzima na kitambi chake, alijikuta anachomekea shati na kukimbia.

"Bibi, maji hayajachemka!"

"Maji yana mwenyewe, anakuja. Wewe shule! Husikii kengele?"

Binti alimtazama, akaelewa kwamba bibi anajua. Akanyakua mkoba, akatoka mbio.

Bi Rimu alibaki ameegemea mlango, anahema. Ile ya umeme ilipolia, alichungulia barabarani kama zamani. Hakukuwa na mtoto aliyebaki nje.