Kijana wa Kuchuma Avokado

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili mtu asije akanidhania jasiri kwa sababu ya kazi ninayofanya. Naogopa nyoka, naogopa radi, naogopa pikipiki zinazoshuka mteremko wa Kikima zikiwa zimezimwa injini ili kuokoa mafuta. Na kuliko vyote hivyo, naogopa kuwa juu.

Kwa hiyo ilikuwaje nikajikuta juu ya mti wa avokado, nimevaa suruali ya mume wangu chini ya sketi? Hata mimi huwa najiuliza.

Wakati huo nilikuwa napika chapati katika hoteli moja pale Kikima. Kazi yenyewe niliitafuta mpaka viatu vikaisha. Nilizunguka mlango kwa mlango nikiambiwa "rudi Jumatatu" na watu waliojua wazi kwamba Jumatatu hawatakuwa na chochote. Mama mwenye hoteli aliponichukua, hakuacha kunikumbusha kuwa huko nje walikuwa wengi wanaoililia nafasi yangu. Nilimwamini kabisa. Hata kuugua nilikuwa naogopa.

Kisha msimu wa avokado ukaja, na mabroka, wale madalali wa kununua matunda, wakajaa Mbooni nzima na malori yao. Matunda yalikuwepo, ila watu wa kuyachuma ndio walikosekana. Vijana waliozoea kupanda miti walikuwa wamechukua pikipiki za mkopo, wengine wamekwenda kwenye ujenzi wa barabara. Broka mmoja aliyekunywa chai kwetu kila asubuhi alikuwa karibu kutoa machozi. Mtu wake wa mwisho alikuwa ameanguka akavunjika nyonga. Alilisema hilo huku akichovya chapati yangu kwenye chai.

"Mwaitu," akaniambia, jinsi tunavyomwita mama kwa heshima, "wewe huwezi panda? Saa hii mimi nachukua mtu yeyote ako na mikono mbili."

Hoteli nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Nilipokuwa msichana nilipanda miti kwa siri, kwa kuwa kwetu mwanamke hapandi mti, na siku nilipokamatwa nilichapwa vizuri. Lakini si hayo yaliyonishika. Nilishikwa na kule kubembelezwa. Maisha yangu yote mimi ndiye niliyekuwa nabembeleza, na sasa mtu mwenye lori lake alikuwa ananitazama kana kwamba nimeshika ufunguo wa nyumba yake.

Nilipomwambia mama mwenye hoteli kwamba naacha, nilingoja matusi. Hayakuja. Alishika meza, akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa chapati zitapikwa na nani?" Nilitoka nje. Wale wengi waliokuwa wakiililia nafasi yangu, walikuwa wapi?

Nyumbani nilidanganya. Kila asubuhi niliaga kwamba nakwenda hotelini. Mume wangu anafanya kazi katika mji mmoja wa barabara ya Mombasa na huja mwisho wa mwezi, kwa hiyo naishi katika boma la baba yake. Na sisi Wakamba tuna nthoni, heshima iliyochanganyika na haya kati ya mtu na wakwe zake. Mimi na baba mkwe hatuangaliani machoni. Akiwa na neno kwangu, humpa mama mkwe, naye ananiletea. Ni mzee wa kanisa, mkali, anayeweza kugombana na mbuzi asubuhi nzima. Mkaza mwana wake aonekane juu ya mti, miguu hewani? Nikijulikana, kazi imekwisha, na sikuwa na hakika kama ni kazi peke yake ingekwisha.

Watu walisema nitazoea. Sikuzoea. Tawi la avokado ni nene la kupendeza, halafu linakatika bila kukuonya. Tunda unalikata kwa mkono pamoja na kikonyo chake, unalitia kwenye mfuko begani, mfuko unashushwa kwa kamba, maana likidondoka chini broka halichukui. Mkono mmoja wa kukata, mmoja wa kushika mti. Kila asubuhi niliweka kiganja kwenye shina nikaomba. Broka alidhani napima unene.

Siku moja akatangaza shamba la kesho yake, akaeleza njia, kanisa, mteremko, lango la mabati ya bluu. Lilikuwa lango letu. Broka si mtu wa huku, hakujua mimi ni mke wa nani. Ningeweza kukataa. Lakini ningesema nini? Kwamba ninaogopa? Hapo angejua kwa nini mabroka hawachukui wanawake, na nisingebembelezwa tena na mtu yeyote. Nikajipa moyo kwamba kesho ilikuwa siku ya soko Mbumbuni, na mzee hakosi soko la mbuzi. Mama mkwe angekuwa kanisani na kikundi cha akina mama.

Asubuhi hiyo nilivua ndala zangu kwenye tuta la shamba letu, nikapanda. Ukungu ulikuwa haujaondoka, na gome lilikuwa limelowa. Nilikuwa nimefika juu kabisa tawi lilipokatika chini ya miguu yangu.

Sikupiga kelele, kwa sababu pumzi haikuwepo. Nilijikuta nimekumbatia tawi la juu yangu kwa mikono na magoti, shavu kwenye gome, macho nimeyafumba. Mfuko ulianguka na kila kitu. Nilisikia avokado zikibingirika mteremkoni kwa muda mrefu, nikawa nafikiria kwamba nami nitabingirika hivyo hivyo.

"Shuka polepole!" broka akaita. Kisha, "Basi ruka!" Mtu mjinga. Mikono ilikuwa imekufa ganzi na haikuwa inanisikiliza. Niliapa nikifika chini mzima narudi kwenye chapati. Mama mwenye hoteli alikuwa ameshanitumia watu mara mbili akiniomba nirudi.

Ndipo nikasikia kikohozi ninachokijua. Baba mkwe. Mbuzi aliyekuwa akimpeleka sokoni alianza kuchechemea njiani, naye akageuza kurudi nyumbani.

"Mzee, kuja haraka!" broka akapaza sauti. "Huyu mama amekwama huko juu!"

Nilifumbua jicho moja. Mzee alikuwa amesimama kwenye tuta, mbali na mti, akitazama ndala zangu. Kila siku anaziona kwenye mlango wa jikoni, moja ina kamba ya bluu na nyingine nyeusi. Alizitazama kwa muda. Kisha akageuka, akaupa mti mgongo. Niliomba tawi lililobaki likatike upesi.

"Mwambie hiyo kijana yako atulie," akasema.

"Si kijana, mzee, ni mama."

"Nimesema kijana!" Sauti ilimkatika. Alikuwa anaogopa yeye pia, nilisikia. "Mwambie chini ya mguu ya kushoto, upande wa mto, kuna kifundo. Tawi nilikata mimi mwenyewe. Akanyage hapo."

Broka akapaza sauti kurudia neno kwa neno, kana kwamba nilikuwa Kitui mjini. Nikateremsha mguu wa kushoto, ukapapasa hewa, ukapapasa tena, ukagusa kifundo.

"Sasa mwambie asishike hiyo nyembamba. Ashike ile iko na jeraha ya radi."

Ndivyo nilivyoshushwa, na mtu aliyeangalia upande wa pili, akiongea na bonde. Nilipogusa udongo niliketi nikalia kama mtoto. Mzee hakugeuka. Alimvuta mbuzi wake, akaondoka akimgombeza kwa uzembe.

Jioni nilikuwa jikoni nikichemsha chai na kungoja hukumu. Mikono ilikuwa imechunika hadi viwiko. Mama mkwe alimpelekea mzee kikombe, na kwa kuwa ukuta wetu ni wa mabati, kila neno lilinifikia.

"Kuna kijana ya broka alikuwa hapa," mzee akasema kwa sauti kubwa kuliko haja. "Anapanda vizuri. Lakini ako na haraka. Asubuhi matawi iko na maji. Angojee jua."

"Kijana gani?"

"Kijana." Akanywa chai. "Miti mbili ya upande ya juu imebaki. Akuje kesho amalize. Mimi sitakuwa. Naenda soko Mbumbuni."

Mama mkwe alirudi jikoni. Aliiangalia mikono yangu, akaziangalia ndala mlangoni, akachukua sufuria na kuanza kuiosha.

"Umesikia," akasema. "Ukimwona, umwambie."

"Nitamwambia, mama."

Soko la Mbumbuni lilikuwa limepita siku hiyo hiyo. Lingine lilikuwa wiki ijayo.