Kula kwa Kusimama

Mara ya mwisho ulimwona mama yako akila ameketi ni lini?

Mwanasaikolojia aliniuliza hivyo katika ofisi yake ndogo pale Kensington, mtaa wa jiji tulilokimbilia kusini mwa bara, juu ya duka la kufuli. Mimi niliyesifika chuoni kwa kuwabana wahadhiri kwa maswali, sasa nilibanwa mimi.

Ombi letu la ukimbizi lilikuwa limekataliwa, na rufaa ilikaribia kusikilizwa. Wakili alisema watataka kujua kama yaliyompata mama kule Kivu bado yanamtesa, na ripoti ya mtaalamu ingesaidia. Karatasi zangu zilitegemea zake. Akishindwa, tumeshindwa wote wawili.

Sikuiamini kazi hiyo ya mwanasaikolojia. Hofu inapimwa kwa kipimo gani? Na kwa nini mtu athibitishwe kwanza kuwa ameumia ndipo asadikiwe? Hata hivyo ripoti tuliihitaji, kwa hiyo nilimshauri mama avae kawaida na asiyazuie machozi yakija. Akatoka chumbani na kitenge chake cha Pasaka, hereni, na kilemba kilichosimama kama jogoo.

"Mama, mtaalamu ataona huna shida yoyote."

"Niko naenda kwa munganga, haiko kilio," akasema, maana kwetu munganga ni daktari na kilio ni msiba. "Ao universite yako ilikufundisha kwenda kwa watu na nywele ya kuamuka?"

Kanisani kwetu kila ushuhuda huishia kwenye ushindi: Mungu alinivusha, amina. Nilijua ndivyo atakavyosimulia, na nisingeweza kumzuia, maana mkalimani alikuwa mtu mwingine, nami niliachwa nje kwenye benchi. Nilimsikia akicheka huko ndani. Nikaanza kuwaza tutahamia nchi gani.

Kisha nikaitwa mimi, kama mtu anayeishi naye. Mwanasaikolojia, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alisema mama amesimulia vizuri, tena kwa tabasamu. Ila mama alikataa kiti. Muda wote alisimama karibu na mlango, mkoba begani, akisema amezoea. Ndipo lilipokuja lile swali.

Mama ni msusi pale Yeoville, na msusi husimama, nani atashangaa? Kanisani alikuwa mkaribishaji, kwa hiyo alisimama mlangoni. Nyumbani kwetu, mtaa wa Observatory, alikula kando ya jiko, sahani mkononi, mgongo ukutani, na mimi nikadhani ni uchapakazi tu. Nilikuwa nimehoji kila kitu, kuanzia serikali hadi mahubiri ya mchungaji, isipokuwa hilo.

"Sikumbuki," nikasema. "Sidhani kama nimewahi kumwona."

Akaandika.

Rufaa tulishinda. Sijui bado kama hofu inapimika, lakini najua yule mwanasaikolojia aliitazama miguu iliyogoma kuketi wakati mimi nilikuwa nasikiliza kicheko.

Muda mrefu baada ya karatasi kutoka, mama alivuta kiti jikoni, akaketi kando yangu kula bugali na sombe ya majani ya muhogo, kama jambo la kila siku. Nikaendelea kumega bila kumtazama, nikiogopa atanyanyuka. Katikati ya tonge akaniambia kwamba siku walipovamiwa, nyumba nzima ilikuwa imeketi kula isipokuwa yeye, na walioketi hawakuinuka tena. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, akinibembeleza mgongoni, kwa sababu nilikuwa nimekataa kunyamaza.